Kiwavi mwenye pembe kwenye viazi? Usikimbilie dawa

Kwanza niliwashuku kuku wa jirani yangu, Mama Shiro. Ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimeshika, na viazi vyangu nyuma ya nyumba hapa Kahawa West, Nairobi, vilikuwa vimekwanyuliwa majani yote vikabaki vijiti. Mama Shiro akaapa kuku wake hawajatoka bandani. Nilipoinama nikaona chini ya shina punje nyeusi, nene kuliko pilipili manga, zina mifereji ubavuni kama zimechongwa. Kuku hanyi hivyo.

Basi anzia hapo: angalia chini kabla ya kuangalia juu. Kiwavi huyu amefanana na jani mno, unaweza kumkodolea macho na usimwone, ilhali akikomaa hufika sentimita 12 na unene wa kidole gumba. Fuata punje, kisha inua macho taratibu.

Mimi sikufuata. Nilikimbia duka la dawa za kilimo, nikauziwa chupa ambayo baadaye, niliposoma karatasi yake vizuri, nikakuta ni ya utitiri. Kiwavi aliendelea kula. Mimi ndiye niliyeshindwa kuchuma managu yangu wiki mbili kwa sababu ya dawa hiyo.

Huyo ni mtoto wa nondo ninayemwita nondo fuvu; jina lake la kisayansi ni Acherontia atropos. Kiwavi huwa wa kijani, wa manjano au wa kahawia, kwa hiyo rangi peke yake isikudanganye. Tazama mkiani. Pembe yake ina vipele, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na imejipinda kama herufi S. Ukikuta pembe laini iliyopinda mara moja tu, na uko kwenye viazi vitamu, huyo ni mwingine, Agrius convolvuli. Pembe haichomi, licha ya wanavyosema watu. Ila ukimsumbua, atagonganisha taya mpaka usikie tk-tk, na anaweza kujaribu kukuuma.

Mmea nao unasema mengi. Nondo fuvu hupenda jamii ya viazi: nyanya, biringanya, managu, tumbaku, hata mnanaha unaojiotea kwenye majalala. Hula pia lantana, na Nairobi ni ua gani hauna lantana? Nandi flame, ule mti wa barabarani, pia umo. Ndiyo maana mtu asiyelima chochote anaweza kumkuta kwenye ngazi za ploti.

Mayai hutagwa moja moja, kwa hiyo kwenye kishamba kidogo mara nyingi utakuta kiwavi mmoja au wawili tu. Mtoe kwa mkono. Nilijaribu kumhamishia kwenye lantana, akakaa siku nzima bila kuonja. Nilipomweka kwenye managu mazee yaliyokwisha kutoa mbegu, akaanza kula papo hapo.

Akigeuka rangi ya matope na kuanza kuzurura ardhini, amemaliza kula. Atajichimbia sentimita 15 au zaidi. Ukivuna viazi, jembe litakuibulia kitu cha kahawia kinachong'aa kama kimepakwa vanishi, na ukikishika kinatikisa mkia. Nilikifukia kwenye ndoo ya udongo wenye unyevu kidogo, nikafunika chandarua.

Nondo alitoka humo usiku. Mabawa yakinyooka hufika hata sentimita 13, ya mbele meusi-meusi, ya nyuma ya manjano yenye mistari, na mgongoni ile alama ya fuvu la mtu. Nilipomgusa akalia kama panya. Hupitisha hewa kooni mwake ndipo sauti itoke. Mama Shiro aliyekuwa mlangoni alisema ametumwa, tumchome. Nikamweleza kwamba kitu pekee anachoiba ni asali: huingia mzingani usiku, harufu yake ikiwachanganya nyuki. Wenye mizinga wampunguzie mlango tu. Nyuki apite, yeye akwame.

Hakuridhika sana. Lakini siku hizi akiona punje chini ya biringanya zake huniita ukutani, "Baba Kevo, mtu wako amerudi." Nilimuuliza kwa nini asiwaachie kuku. Akasema aliwaachia, jogoo alimwendea, kiwavi akainua kichwa na kugonga taya, jogoo akarudi bandani.