Deraya za Plastiki: Jueni Kwanza Mnachokipasha Moto

Bamba langu la kutengenezea deraya, yaani vazi la kivita, linatoka vipovu kila nikilipasha moto. Nimeuziwa bovu?
Hukusema ni plastiki gani. Wiki hii wanne wameniandikia hivyo hivyo, na "ile nyeupe ngumu" si jina. Kama ni polikaboneti, si bovu, lina unyevu. Plastiki hiyo hufyonza maji hewani, na ukiipasha yanachemka ndani kwa ndani. Inakaushwa kwanza kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 120 hivi, ndipo ukunje.

Naweza kutumia oveni ya jikoni?
Hapana. Oveni iliyopashia plastiki isiingie chakula tena.

PVC yangu (plastiki ya mabomba ya maji) imegeuka kahawia na moshi unawasha macho. Niendelee nikiwa na barakoa?
Zima, toka nje, usirudi mpaka hewa isafike. Ulichovuta ni gesi ya haidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na majimaji ya macho na kifua huwa asidi. Barakoa ya vumbi haizuii gesi hata chembe. Kinachonisikitisha ni kwamba hakukuwa na haja: PVC huanza kulainika kwenye nyuzi 80 hivi, na mashine ya kupuliza hewa ya moto hupita 500. Iweke mbali kidogo, izungushe bila kutua mahali pamoja, pasha pande zote mbili. Vaa glavu, inua kona moja. Ikilegea kama ngozi iliyolowa, acha moto, kunja. Ikianza kung'aa au kubadilika rangi, umeshapitiliza.

Nimkunjie rafiki yangu bamba begani ili limkae sawasawa?
Usithubutu, hata juu ya shati. Plastiki moto hung'ang'ania ngozi na huchelewa kupoa. Mvishe fulana kuukuu, mzungushie utepe mpana wa gundi tabaka tatu bila kumbana, chana mgongoni, mvue, ziba, kisha jaza matambara mpaka pawe pagumu. Hicho ndicho kiwiliwili chako cha kukunjia. Na hata msipokunja chochote, mpimeni mvaaji akiwa ameinua mikono. Deraya nyingi naona zinakata makwapani.

Kifua cha deraya nilikiacha garini, nikakikuta kimefunguka.
Plastiki iliyokunjwa kwa moto hukumbuka ubapa wake, na gari lililofungwa juani linatosha kuikumbusha. Kipashe upya, kikunje, kifunge kwa kamba juu ya kiwiliwili mpaka kipoe kabisa. Rangi itapasuka, kwa hiyo ikwangue kabla hujapasha.