Mkuu, hizo prednisoloni ziweke chini kwanza

Umeuliza miwani gani ununue na kama karoti zinasaidia. Mimi nimekwama pale uliposema unaona ukungu, vidoa vyeusi vinaelea, zahanati wamesema "jicho limevimba kwa ndani tu", na duka la dawa wamekufungia prednisoloni, vidonge vya steroidi vinavyotuliza uvimbe ila vinashusha kinga ya mwili, za mwezi mzima. Chai yangu imepoa hapa.

Njia hiyo nimeipita. Nilikuwa na miaka 26. Bwana aliyenipima alinimulika kwa tochi ya simu, TOCHI YA SIMU, hakuniwekea hata tone la kupanua mboni, akaandika dawa. Siku ya tano naona safi kabisa. Basi nikawa nazinunua mwenyewe kwa karatasi ileile, miezi minne. Uso ukaumuka kama andazi, mtaani wakajua nimepata mchongo.

Kumbe jicho limetulia mbele, nyuma kunawaka. Mishipa ya damu ya pembeni ya retina, lile pazia la kuonea nyuma ya jicho, ilivimba ikaziba. Sehemu iliyokosa damu ikaanza kuotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni mibovu kama bomba la tenda ya shemeji. Asubuhi moja nimeinama kufunga kamba za viatu, ikapasuka. Niliona wino unamwagika ndani ya jicho, halafu giza. Haikuuma hata kidogo.

Bingwa wa retina aliuliza kitu kimoja tu: "Ulipiga picha ya kifua kabla ya kuanza hizi dawa?" Nikamkoholea. Ilikuwa TB. Miezi minne nimeishusha kinga mwenyewe, kwa hela yangu, nikiilea.

Shida ni kwamba TB, kaswende, sarkoidosisi na Behçet (magonjwa ya kinga ya mwili kuleta uvimbe), na selimundu, vyote vinaweza kukuletea mishipa ya namna hiyo. Kuna na ugonjwa wa Eales, uliopewa jina la daktari wa Birmingham aliyewaelezea mwaka 1880 vijana waliovuja damu machoni, puani, na choo kimefunga (mimi choo kilikuwa sawa, asanteni kwa kuuliza). Huo hausemwi mpaka hayo magonjwa mengine yote yameondolewa kwa vipimo. Na unaweza ukawa na uvimbe na mishipa mipya kwa wakati mmoja; kutuliza kimoja si kumaliza kingine.

Kwa hiyo vipimo KWANZA, steroidi BAADAYE. Picha ya kifua, kipimo cha TB cha ngozi au cha damu, kaswende, VVU, sukari, selimundu. Mboni ipanuliwe, na ile picha ya jicho inayopigwa baada ya kuchomwa rangi mkononi ndiyo inayoonyesha panapovuja na pasipofika damu. Utakojoa njano siku nzima, usiogope. Steroidi hata mimi nilirudishiwa, ila chini ya dawa za TB, pamoja na leza. Jicho la kushoto sasa linaishia kuhesabu vidole vya mbele yake, basi.

Kama umeshazimeza wiki kadhaa usiziache ghafla, daktari akupunguzie taratibu. Na hicho kikohozi ulichokitaja juujuu kwenye mstari wa mwisho, kina wiki ngapi?