Ukitoka Ziwani, Uliza Maji Yanapwa Saa Ngapi

Swali la wiki lilikuwa hili: mtu wa Mwanza anayejua kuogelea ajiandae vipi kwa likizo ya Unguja au Mafia, akitaka kutazama samaki kwa miwani na mrija wa kupumulia? Kuogelea kwenyewe si tatizo. Kinachowaumbua watu wa ziwani ni saa ya maji.

Ziwa letu hupanda na kushuka kwa misimu ya mvua. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita na robo hivi kati ya kujaa na kupwa, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: Unguja tofauti ya kina hukaribia mita 4 na mikondo hukaza. Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ndiyo rafiki wa mgeni, yaani kuanzia tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi wa kuandama. Tazama kalenda hiyo kabla ya kukata tiketi. Mtu wa Bwiru, hapa Mwanza, hupanga siku kwa upepo, asubuhi shwari na alasiri mawimbi. Akifika Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, maji yamekupwa anakuta mchanga na mwani, bahari iko kule mwambani. Mafia, kwenye mlango wa Kinasi wa Ghuba ya Chole, wazamiaji huingia maji yakijaa, kwa kuwa mkondo huleta maji maangavu na kumsukuma mtu ndani ya ghuba. Yakitoka, yanabeba uchafu na kumvuta nje. Kwa hiyo swali la kwanza kwa nahodha liwe la maji, bei baadaye.

Mazoezi ya vifaa yafanyie Mwanza, lakini kwenye bwawa la hoteli. Ufukweni penye matete kuna konokono wa kichocho, na hata hivyo maji yetu ya kijani hayakuonyeshi kama miwani imekaa sawa. Miwani ijaribu hivi: ibandike usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua. Ikishika, ni saizi yako. Sharubu huvujisha, nywele au ncha ya mtandio ikiingia chini ya ukingo wa mpira huvujisha zaidi, na kukaza mkanda hakusaidii, kunaumiza tu. Miwani mipya isugue kioo kwa ndani kwa dawa ya meno, la sivyo itafunga ukungu hata ukiitemea mate. Maji yakiingia kwenye mrija usiinue kichwa: puliza kwa nguvu mara moja, kisha vuta taratibu. Ukizama, bana pua upulize polepole kila mita moja, kabla masikio hayajauma. Mwenye mafua abaki juu.

Baharini utaelea zaidi, kwa sababu kila lita ina gramu kama 35 za chumvi. Miguu hupanda na mapezi ya kuvaa miguuni hupiga hewa bure. Piga mateke kutoka nyongani, goti likunjwe kidogo. Vaa fulana ya mikono mirefu, mgongo huungua bila kuhisi.

Sasa wenyeji wa huko. Matumbawe hayakanyagwi: ni wanyama, na mengine huwasha vibaya. Anayechomwa na miiba ya wale wanyama weusi wa mviringo wa mwambani, au na taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, atumbukize mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa au zaidi, kisha aende zahanati. Konyeza, mnyama laini anayeelea na kuwasha, ni kinyume na mazoea yetu: suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, maana maji baridi yasiyo na chumvi huweza kufyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi. Makombe mazuri yenye umbo la pia usiokote, mwenyewe bado yumo na ana mshale wa sumu. Kasa akipanda kuvuta hewa, mpishe. Papa potwe huonekana Mafia upande wa Kilindoni, hasa Oktoba hadi Februari. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni viumbe vidogo. Teleza majini bila kurukia, kaa mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani. Mkia ndio wa kuogopa.

Ukiamua kuzama na mtungi wa hewa, panga mbizi hizo mapema kwenye ratiba. Baada ya mbizi moja subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya mbizi kadhaa, saa 18. Gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka polepole, na shinikizo likipungua ghafla hugeuka mapovu kwenye damu na viungo. Kukwepa ndege kwa basi la usiku si ujanja, kwani ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na huko juu shinikizo la hewa ni dogo pia. Siku ya mwisho tembea Mji Mkongwe, au elea juujuu na mrija, ambao hauna masharti hayo.