Minyoo na mawe ya nyongo

Pole dada. Umeuliza kama mnyoo alioutapika mama ndio uliomletea jiwe la nyongo. Inawezekana. Askaris, ile minyoo mirefu ya mviringo, hupenda kupenya kwenye vitundu. Hutoka utumbo mwembamba ikapanda mrija wa nyongo. Ikifia humo, mabaki na mayai yake huwa kiini, rangi ya nyongo hugandia hapo, na bakteria walioingia pamoja nayo huchochea jiwe la kahawia. Ila mawe mengi ni ya lehemu (kolesteroli, yaani mafuta ya mwilini), hayatokani na minyoo. Dawa ya minyoo haiyeyushi jiwe! Mpeleke apigwe altrasaundi, na mwelezeni daktari habari ya huo mnyoo. Akishikwa na homa, kutetemeka na macho kuwa manjano, tafadhali msingoje asubuhi, nendeni hospitali usiku huohuo.