Kambare hajafa, basi maji ni salama?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina bwawa la kambare kando ya barabara kuu, na kingo zake nimezishikiza kwa tairi kuukuu. Mvua zilipoanza, maji ya barabarani yaliingia bwawani yakiwa na vumbi jeusi. Nimesoma kwamba vumbi la tairi ni maikroplastiki, yaani chembe ndogo mno za plastiki, na lina sumu. Nikahamisha samaki, nikachuja maji mara mbili kwa kitambaa kizito, kisha nikatia unga mweupe niliouziwa wa "kuvuta maikroplastiki". Sasa maji yanang'aa. Nimeweka kambare watano kwenye ndoo ya maji hayo siku tatu, hakufa hata mmoja. Naweza kuwarudisha wote?

JIBU: Usiwarudishe bado, ndugu yangu. Swali lako naletewa kila mvua zinapoanza. Hubadilika aina ya samaki na rangi ya unga tu. Na karibu kila mara ndani yake kuna ile ndoo. Nianze na hiyo ndoo, maana ndiyo inayoniumiza zaidi: watu makini, wanaojali mifugo yao, wanahatarisha bwawa zima kwa ushahidi wa samaki watano.

Kambare ni shahidi mbaya kuliko wote. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha kupumulia hewa. Maji yakiharibika hupanda juu, akagugumia hewa, akashuka tena. Anaishi kwenye tope ambalo samaki wengine wengi wasingelimaliza siku moja. Kunusurika kwake kunakupa habari za kambare, si habari za maji.

Hata ungeweka samaki dhaifu zaidi, bado ndoo ingeweza kukudanganya, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Katika jimbo la Washington nchini Marekani kuna mito midogo inayopita mijini na kumwaga maji kwenye ghuba ya Puget Sound. Samoni aina ya coho hupanda mito hiyo kutoka baharini kwenda kuzaa. Kwa miaka mingi, kila mvua kubwa iliponyesha, coho walionekana wakizunguka ovyo juu ya maji, midomo wazi, wameshindwa kujisawazisha, na ndani ya saa chache wakafa matumbo yakiwa bado yamejaa mayai. Kwenye baadhi ya mito walikufa asilimia 40 hadi 90 ya waliorudi. Watafiti walichambua mchanganyiko wenye kemikali zaidi ya 2,000 hadi wakampata muuaji, na Desemba 2020 wakamtangaza: 6PPD-kwinoni.

Kemikali hiyo haitiwi kwenye tairi. Inayotiwa ni 6PPD, na inatiwa kwa sababu nzuri: gesi ya ozoni iliyomo hewani huupasua mpira, nayo 6PPD hutangulia kupambana na ozoni kabla haijaufikia mpira. Kwinoni ni zao la pambano hilo. Inazaliwa juu ya uso wa tairi na juu ya kila chembe inayomong'onyoka barabarani, siku baada ya siku, mpaka mvua ije iikokote.

Mwanzoni kiwango kinachoua nusu ya coho kilitajwa kuwa mikrogramu 0.8 kwa lita. Mwaka 2022, walipopata kemikali safi zaidi ya kupimia, walikishusha hadi nanogramu 95, yaani mikrogramu 0.095. Kwa hesabu hiyo gramu moja yatosha kuyafikisha maji lita milioni 10 kwenye kiwango hicho. Lakini samoni aina ya chum, ndugu wa karibu wa coho, akiwekwa kwenye maji yaleyale ya barabarani yanayoua coho, anaendelea kuogelea. Samaki aitwaye trauti wa upinde wa mvua anakufa. Samaki pundamilia, yule anayefugwa kwenye maabara nyingi duniani, anastahimili. Basi mtu aliyepima kwa chum angeandika "maji salama" na kulala usingizi mzuri, huku coho wakielea mtoni.

Jambo hili lilijitokeza hata kabla jina la kwinoni halijajulikana. Mwaka 1993 watafiti wa Kanada walilowesha tairi kwenye maji, kisha wakaweka viumbe kwenye maji hayo. Trauti walikufa, viroboto wa maji na samaki wengine wadogo waliojaribiwa hawakufa. Na kuna matokeo mengine ya kazi hiyo ambayo wewe mwenye kingo za tairi unapaswa kuyajua: maji ya tairi zilizotumika yalikuwa na sumu kali zaidi kwa trauti, yakiwaua hata yalipokuwa kiasi kidogo kuliko cha maji ya tairi mpya. Ile imani kwamba tairi kuukuu "limeshaishiwa sumu" ndiyo iliyozijaza kwenye bustani na kingo za mabwawa. Ziondoe.

Sasa kitambaa. Kitambaa kinazuia kinachoonekana. Neno maikroplastiki limewafanya watu waogope chembe, kana kwamba tatizo lote ni kokoto nyeusi ya kuchujwa, maji yakibaki meupe shida imekwisha. Chembe ina madhara yake, sikatai: kamba wadogo na samaki wachanga waliowekwa pamoja na chembe za tairi maabara walibadili namna ya kuogelea na wakakua kidogo kuliko wenzao. Lakini chembe ya tairi ni mfuko unaovuja. Kinachovuja ni molekuli zilizoyeyuka, na hizo zinapita kwenye kitambaa chako kama maji yanavyopita kwenye wavu wa kuvulia. Mojawapo ni zinki. Tairi hupikwa kwa salfa, na zinki oksaidi huharakisha upishi huo, hivyo kila tairi ina zinki. Kwenye matamvua ya samaki, zinki hugombania njia ya kalisi. Samaki hukosa kalisi anayoihitaji, na maji yakiwa laini, yasiyo na chokaa ya kutosha, hali huwa mbaya zaidi.

Hapo ndipo huo unga unaponikasirisha. Unga mwingi wa namna hii ninaoletewa ni shabu tu, ileile ya kutulizia maji yenye tope, imepewa jina jipya. Shabu haiondoi kitu bwawani. Inazikusanya chembe na kuzizamisha sakafuni, mahali ambapo kambare anatafuta chakula chake. Tena shabu hula ule uwezo wa maji wa kuhimili asidi; kwenye maji laini pH, yaani kipimo cha asidi, inashuka (asidi inazidi), na pH ikishuka zinki iliyoshikamana na tope inaachia na kuyeyuka. Maji yanang'aa huku sumu iliyoyeyuka ikiongezeka. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole: aliyekuuzia amekuuzia mng'ao.

Watu haohao, au wenzao, sasa wanauza vidonge vya "kusafisha maikroplastiki mwilini" na chai za kuitoa kwenye damu. Ndiyo, 6PPD-kwinoni imepatikana kwenye mkojo wa binadamu. Hakuna dawa iliyothibitishwa inayoondoa maikroplastiki mwilini, na mtu anayekuahidi hivyo muulize anachokivuta kinakwenda wapi na alikipimaje. Usikubali kuonyeshwa glasi ya maji maangavu. Na muuzaji wa tairi akikwambia zake ni za "mpira asilia" hivyo hazina sumu, mwambie hata mpira wa mti hupasuliwa na ozoni, na unahitaji vilevile kinga, salfa na zinki.

Kinachofanya kazi hakiuzwi kwenye pakiti. Kule Washington watafiti waliyapitisha maji ya barabarani kwenye tabaka la mchanga uliochanganywa na mboji, na coho waliowekwa kwenye maji yaliyotoka chini wakaishi. Mboji hunasa kwinoni na sehemu kubwa ya metali; mchanga hunasa chembe. Kwa hiyo kata njia ya maji ya barabarani kuingia bwawani moja kwa moja. Yaelekeze kwenye shimo pana la mchanga na mboji lililopandwa majani, na bomba la chini litoe maji mbali na bwawa. Mvua ya kwanza baada ya ukame ndiyo chafu kupita zote, kwa sababu imebeba vumbi la wiki nyingi kwa mkupuo. Hiyo usiiruhusu kabisa.

Bwawa lenyewe litoe maji yote na uzoe lile tope jeusi la juu, bila kulimwaga kwenye mkondo wa maji. Jaza maji kutoka chanzo kingine, kisha peleka sampuli maabara wapime zinki, pH na ugumu wa maji, vyote vitatu pamoja, kwani namba ya zinki peke yake haisomeki. Majibu yakiwa mazuri, rudisha samaki kidogo kidogo, ukiangalia kama wanakula na kukua.

Na hizo tairi ukishaziondoa kingoni, tafadhali usizichome hapo kando. Majivu yake yana zinki nyingi kuliko mpira wenyewe, na mafuta yanayochirizika yatarudi bwawani kwa mvua inayofuata.