Nyimbo na michezo ya viungo katika darasa la awali
Ndugu Mwalimu, umeuliza iwapo kuimba na kurukaruka kunawapunguzia watoto wako wa miaka minne muda wa kujifunza kusoma. La hasha. Mtoto anayepiga kofi kwa kila silabi ya jina lake, kisha akaganda ghafla ngoma inaponyamaza, anazoea kutenganisha sauti zinazounda maneno, ambayo ni mojawapo ya misingi ya kusoma, na papo hapo anajifunza kuutawala mwili wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unapendekeza watoto wa umri huo wapate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku. Anza na wimbo mmoja wenye vitendo kila mnapobadilisha somo, na uimbe mwenyewe, hata kama sauti yako haivutii, kwa kuwa redio haiwezi kupunguza mwendo inapomwona mtoto ameachwa nyuma.