Fenoli asilimia 34 kwenye ripoti ya GC-MS: 34 ya nini?

Swali: Shikamoo Dokta. Nimechoma maranda ya msonobari ya Mafinga bila hewa, nyuzi 500, nikapata mafuta meusi. Ripoti ya GC-MS (mashine inayotenganisha kampaundi zikiwa mvuke na kuzitambua) inaonyesha kampaundi 41, jumla 100%, fenoli na jamii zake 34%. Naweza kuandika mafuta yangu yana fenoli 34% na yanafaa badala ya dizeli?

Jibu: Marahaba. Hapana kwa yote mawili, na hii 34 naletewa kila muhula jamani.

Hiyo sio 34 ya mafuta, ni 34 ya eneo la piki, vile vilima vya kwenye grafu ya mashine. Mashine inajumlisha ilichokiona inakiita mia, ambacho haikukiona hakimo kwenye hesabu. Mafuta ya kuni kama yako maji peke yake huwa 15 mpaka 30%, hayo yanapimwa kwa Karl Fischer, kipimo maalumu cha maji, halafu kuna sukari na vipande vizito vya liginini (ile gundi ya mti) ambavyo havigeuki mvuke kabisa. Siku moja chomoa kile kibomba cha kioo cha kwenye injekta, pale sampuli inapoingilia, baada ya sampuli kama hizi, utakikuta kimegandana masizi kama sufuria iliyosahaulika jikoni, sasa hayo ndo mafuta yako ambayo ripoti haikuyataja. Ukitaka namba ya kweli nunua standadi, yaani kampaundi safi ya kiasi unachokijua, chora kalibresheni ya kiasi na piki, weka na standadi ya ndani, kampaundi ya kulinganishia ndani ya kila sampuli.

Halafu majina ya kampaundi ambayo mashine inayatoa kwenye maktaba yake ni pendekezo tu. Kama siringoli, mmoja wa jamii za fenoli, iko juu kwenye hizo 41 nitakuuliza, msonobari gani huo? Msonobari hutoa gwaiakoli, ndugu yake, siringoli nyingi ni ya miti kama mkaratusi, na huko viwandani miti yote miwili inapasuliwa msumeno mmoja.

Ya dizeli ndo inanichosha. Kuna watu wanauza “dizeli ya maranda” na karatasi ya GC-MS mkononi eti ushahidi, wakati kitu kina pH 2 hadi 3, yaani asidi, oksijeni 35 mpaka 40%, na joto lake ni 16 hadi 19 MJ kwa kilo ambapo dizeli iko kama 43. Nimeletewa nozeli ya jenereta imeliwa na asidi, mwenyewe anasema aliambiwa achemshe kwanza maji yatoke. Ukichemsha yanaganda, karibu nusu inabaki chini kama lami.

Sampuli yako iweke friji leo, maana haya mafuta yanabadilika yakikaa, kama imekaa dirishani miezi miwili basi ripoti mpya itakuwa ya mafuta mengine.